Kitasa cha Behewa Namba Tisa

Sindano alishuka ngazi ya chombo na viatu mkononi, na mguu wake ulipogusa gati, gati likamyumbia.

"Tulia," Fundi alimwambia, akamdaka kiwiko. "Unayeyumba ni wewe. Nchi kavu iko pale pale."

"Niachie. Baba anatazama."

Fundi alimwachia upesi kama aliyeshika sufuria ya moto. Juu ya sitaha Nahodha alikuwa amesimama, mikono nyuma, akikagua kamba isiyo na kasoro yoyote. Aliyewahi kufanya kazi naye wiki mbili tu alijua kwamba akitulia hivyo ndipo anapoona kila kitu.

Sasa tuelewane mapema. Nahodha huyo ndiye baba mzazi wa Sindano, na chombo ni chake, cha milingoti miwili na matanga manne. Sindano ni jina alilobandikwa na mabaharia akiwa na miaka kumi na miwili, siku aliposhona tanga lililopasuka katikati ya bahari kabla wanaume hawajamaliza kubishana namna ya kulishona. Leo ana miaka ishirini na minne, na jina lake la cheti hulisikia hospitalini tu. Fundi naye ni fundi wa injini, kijana wa mikono mikubwa na maneno machache, aliyepanda chombo hicho miezi kumi na minane iliyopita kwa kazi ya wiki tatu. Wiki tatu zilipokwisha alisema injini bado ina mlio asioupenda. Injini haikuwa na mlio wowote. Uliokuwa ukigonga ni moyo wake, na wa Sindano ulikuwa ukigonga vivyo hivyo upande wa pili wa meza, kila walipopitishiana chumvi.

"Saa kumi," Nahodha alisema kutoka juu. "Saa kumi kamba zinafunguliwa."

"Tutakuwa tumerudi kabla, Baba."

"Sijauliza mtarudi saa ngapi. Nimesema kamba zinafunguliwa saa ngapi."

Hakuna aliyecheka. Miaka sita iliyopita Nahodha alimwacha mdogo wake wa tumbo moja katika bandari ya ugenini kwa kuchelewa dakika saba. Bwana yule alisimama gatini na mfuko wa machungwa akipunga mkono, akidhani anataniwa, mpaka chombo kikapotea machoni. Mpaka leo hasemi na kaka yake.

Aliyeshuka wa mwisho alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Nahodha na mpishi wa chombo, kikapu mkononi na kilemba kipya kichwani.

"Nimeambiwa niwachunge," aliwatangazia. "Macho yenyewe haya hayaoni vizuri, lakini nitajitahidi."

Alisema hivyo kwa uso mkavu kabisa, kisha akatangulia.

Kuna jambo moja la chombo kile ambalo lazima ulijue. Juu ya meza ya chumba cha kulia kulikuwa na saa ya shaba, na mtu pekee aliyeruhusiwa kuigusa ni Nahodha. Kila asubuhi wakati wa chai kila mmoja alilinganisha saa yake ya mkononi na ile. Wavuke bahari gani, waingie nchi gani, saa ilikuwa ile mpaka Nahodha mwenyewe aamue kuisogeza, na kwa bandari ya siku moja, ya kujaza maji na mafuta tu, hakujisumbua. Simu zao nazo hazikuwa na laini ya huko, zilikuwa zimelala kwenye droo tangu wiki iliyopita. Basi Sindano alikuwa na saa ya chombo mkononi mwake, na aliiamini kama anavyoiamini mikono yake.

Kwa saa hiyo walifika stesheni saa tatu kasoro dakika tano. Treni ya kwenda mji wa kilimani ilikuwa ya saa nne, kwa hiyo Shangazi alikuwa ameshaanza kutafuta pa kukaa aliposikia filimbi.

"Kimbieni," karani wa tiketi aliwaambia, "inaondoka."

Walikimbia. Fundi alishika kikapu, Sindano alishika mkono wa Shangazi, na goti la Shangazi, lililomsumbua miaka mitatu, lilisahau kuuma kwa mita hamsini nzima. Waliangukia kwenye kiti cha mbao wote watatu wakihema na kucheka.

"Tumebahatika, tumepata ya mapema," alisema Fundi.

Hakuna aliyejiuliza ya mapema ilitoka wapi. Mtu akiwa na furaha haulizi maswali.

Shangazi aliketi katikati yao kama alivyoagizwa. Treni ilipoanza kupanda, ikiuma reli ya meno iliyolazwa katikati ya njia, alisema upepo wa dirisha la upande wa pili ni mzuri zaidi, akahama, akawapa kisogo. Kati ya Sindano na Fundi pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Kidole kidogo cha Fundi kilisafiri polepole juu ya ubao. Sindano alikitazama kikija, na kilipofika akakipokea kwa chake.

"Mbona umepiga pasi shati?" alimnong'oneza.

"Siku ya mapumziko."

"Siku za mapumziko nyingine unavaa lile lenye tundu."

Fundi alitabasamu. Macho yake yalikuwa yanameta kama ya mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

"Huko juu kuna kitu nataka ukione. Usiniulize sasa, nitashindwa kujizuia."

Chini yao ghuba ilikuwa inashuka na kupungua. Sindano alikitafuta chombo chao katikati ya vyombo vingine na kukiona, kidogo, milingoti miwili kama njiti. Hakuwahi kukiona kutoka juu hivi, na akakipenda upya kile kidude cha mbao. Akamkaza Fundi kidole. Siku hiyo aliona kama ana kila kitu.

Mji wa kilimani ulikuwa wa ngazi tupu. Ukitoka stesheni unapanda ngazi, ukitaka mkate unashuka ngazi, na nyumba zimeshikamana mabega. Hewa ilikuwa baridi na safi. Shangazi aliikagua ngazi ya kwanza kwa jicho moja, akarudi kwenye benchi la stesheni, chini ya saa kubwa ya ukutani, akaagiza chai.

"Goti langu limefika," alisema. "Nendeni. Nawaona kutoka hapa."

Kutoka hapo kilichoonekana ni ukuta wa choo.

Walizunguka mji mzima wakishikana mikono waziwazi, jambo ambalo miezi kumi na minane halijawahi kutokea. Sindano aliyumba kwenye kona, Fundi akayumba kwenye kona ya pili, mama mmoja akawatazama kama walevi wa asubuhi. Walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Hapo Fundi akasema, "Haya, sasa njoo," akamvuta nyuma ya stesheni, kupita karakana ya reli yenye milango mipana, mpaka kwenye safu ya nyumba ndogo. Alisimama mbele ya nyumba ya mwisho, yenye mlango wa kijani.

"Unaionaje?"

"Nyumba? Nzuri. Ya nani?"

"Yetu."

Sindano alicheka, kisha akaona Fundi hacheki.

"Nimepata kazi hapa karakana," Fundi alisema, na maneno ambayo kawaida humtoka moja moja yakamwagika. "Tulipokaa wiki nzima bandari hii mara iliyopita nilikuja, nikaandika barua, wakanijibu. Leo saa sita naonana na msimamizi, natia sahihi. Nyumba inakuja na kazi. Vyumba viwili, jiko, na mlango wenye kitasa. Madirisha manne. Nilifikiria, wewe utashona mapazia."

Sindano aliuachia mkono wa Fundi.

"Mapazia," alisema Sindano.

"Ya rangi yoyote utakayo."

"Mimi nashona tanga la mita kumi na mbili kwenye upepo, nimefungwa kamba kiunoni. Unanileta mlimani nishone mapazia."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo. Umeandika barua, umejibiwa, umehesabu madirisha. Mimi umeniuliza lini?"

"Nilitaka iwe habari njema."

"Kwa nani?"

Fundi alifuta uso kwa kiganja. "Baba yako aliniita mwezi wa tatu, kule chumba cha injini. Aliniambia, 'Naona unavyomtazama binti yangu. Siku utakapokuwa na mlango wako na kitasa chake, njoo tuzungumze. Kabla ya hapo wewe ni fundi wangu, na macho yako yakae kwenye injini.' Nifanye nini, Sindano? Chombo kizima hakina mlango wenye kitasa. Kila chumba kina pazia."

"Ungeniambia mimi."

"Ungegombana naye."

"Ndiyo. Ningegombana naye. Ndiyo kazi yangu, nimeifanya tangu nazaliwa."

Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa kijani. Hasira zilikuwa zimempanda, na chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu. Aliiona wazi: akisema ndiyo, anapoteza bahari; akisema hapana, kesho Fundi hayuko upande wa pili wa meza.

"Sikia," alisema, sauti imeshuka. "Nakupenda. Naona tuliseme tu, tumelizungukia vya kutosha. Lakini nakupenda na grisi yako shingoni na sakafu ikiyumba. Ukiniweka hapa, kila jioni utamkuta mke wako dirishani anatafuta bahari. Na siku moja utaichoka sura yake."

Fundi alichuchumaa mbele yake. Aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akisikiliza injini.

"Nikuambie ukweli?" alisema mwishowe. "Mara ile nilipoingia humu ndani kukagua, nilisimama katikati ya chumba. Hakuna kinachogonga, hakuna kinachoyumba. Nilitoka nje mbio. Nikajiambia nitazoea, mradi wewe upo."

"Kwa hiyo hata wewe huitaki."

"Nakutaka wewe. Hii nyumba ilikuwa njia tu."

Sindano alimtazama yule mjinga wake mwenye shati la pasi, akataka kumpiga na kumkumbatia kwa mkono huo huo. Aliinuka, akamvuta kola.

"Twende ukaikatae kazi kwa adabu."

Msimamizi wa karakana alikuwa mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Aliwasikiliza amesimama katikati ya reli, spana mkononi.

"Umepanda mlima wote huu kuja kuniambia hapana?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kisa nini? Mshahara?"

"Huyu," alisema Fundi, akamwonyesha Sindano kwa kidevu.

Msimamizi alimkagua Sindano kuanzia juu mpaka chini, akatikisa kichwa taratibu. "Sababu naiona. Haya, nendeni, mnanikalia njiani."

Lakini Fundi hakwenda. Alikuwa amegeuka anatazama ukutani, kulikokuwa na mabehewa ya zamani yasiyotembea tena, rangi imebabuka. Kwenye behewa namba tisa mlango mmoja ulikuwa wazi, na kwenye mlango huo kulikuwa na kitasa cha shaba, kikubwa kama mkate mdogo, ufunguo umening'inia ndani yake. Sindano aliuona uso wake ukibadilika. Anaujua uso huo: huwa hivyo dakika moja kabla injini iliyokufa haijawaka.

"Baba yako alisema mlango na kitasa," Fundi alisema polepole. "Hakusema uwe wapi."

Sindano alielewa papo hapo. Chumba cha mbele, pale chomboni, kina fremu ya mbao ngumu. Fundi anajua kuchonga mlango. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni mtu wa kuwaza tu.

"Mama," alisema Sindano, "kile kitasa kinauzwa?"

"Vitu vya reli haviuzwi." Msimamizi alishusha miwani ya kichwani juu ya miwani ya machoni. "Lakini nina turubai linalounganisha mabehewa mawili, limepasuka mita tatu, na mshonaji wangu amelazwa. Kesho mabehewa hayo yanabeba watu. Kati yenu kuna anayejua kushika sindano?"

Fundi alianza kucheka na hakuweza kuacha. Sindano alikuwa ameshafungua mkoba wake. Sindano ya matanga, uzi wa nta na ngozi ya kiganja huwa anatembea navyo kama wanawake wengine wanavyotembea na kitana.

Alishona. Turubai lilikuwa gumu, la kizamani, na alilipenda tangu tundu la kwanza. Fundi alilala chali mlangoni mwa behewa namba tisa akipambana na skrubu zilizoshika kutu, na kila moja ilipotoka aliitaja kwa sauti, "Ya tatu," "Ya nne," na Sindano akamjibu kwa sentimita alizoshona. Walishindana, wakatukanana kwa mapenzi. Mafundi wa karakana waliacha kazi zao kuja kutazama, na msimamizi hakuwafukuza. Katikati ya kazi treni ilipiga filimbi kule stesheni.

"Hiyo ni ya mizigo," alisema Fundi kwa uhakika wa mtu asiyejua.

Saa ya Sindano ilisema saa nane kamili. Treni yao ilikuwa ya saa tisa.

Walimaliza saa nane na robo, wakaagana na msimamizi, wakaja stesheni wakitembea bila haraka, kitasa kimefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Shangazi alikuwa palepale kwenye benchi. Juu ya kichwa chake saa ya stesheni ilisema saa tisa na nusu.

Sindano aliitazama. Akatazama ya mkononi: saa nane na nusu. Akaitazama tena ya ukutani.

"Shangazi, saa hiyo ni nzima?"

"Nzima kabisa. Nimeiuliza kwa karani. Nchi hii iko mbele yetu kwa saa moja."

"Kwa hiyo treni ya saa tisa..."

"Imeondoka. Niliipungia mkono."

Fundi aliweka kitasa chini. "Inayofuata?"

"Saa kumi na moja ya kwao. Ambayo ni saa kumi ya kwetu."

Saa kumi ya kwetu. Saa ileile ya kufungua kamba. Fundi alikimbilia dirishani kwa karani, akaomba simu ya ofisi ya bandari; iliita mpaka ikakata, hakuna aliyepokea. Barabara, karani alisema, inazunguka mlima, ni mwendo wa saa tatu. Sindano alisimama katikati ya jukwaa. Baba yake alimwacha ndugu yake kwa dakika saba. Yeye atachelewa saa nzima, na mwanamume mkononi.

"Shangazi, uliiona saa tangu lini?"

"Tangu chai ya pili."

"Na hukutuita?"

Shangazi alijisogeza, akapapasa nafasi kwenye benchi. Walikaa, mmoja kila upande.

"Nilikuja kuwaita," alisema. "Nikajikokota na goti langu mpaka mlangoni pa karakana. Wewe unashona, huyu yuko chali anafungua vitu, na mnacheka. Miezi kumi na minane nawaona mezani kwangu mnatafuna kimya kama mko msibani. Sijawahi kuwasikia mnacheka hivyo. Nikarudi nikakaa."

"Baba atatuacha."

"Inawezekana. Mimi pia, maana sufuria zake nimeziacha chafu." Aligusa kitambaa. "Hiki ni nini mmebeba?"

Fundi alikifunua. Alieleza kwa maneno machache, mlango, chumba cha mbele, alichoambiwa na Nahodha. Shangazi alikitazama kitasa kile kwa muda mrefu, na utani wote ukamtoka usoni.

"Nani kakuambia habari ya mlango wa mama yako?" alimuuliza Sindano.

"Mlango gani?"

"Basi hajakuambia." Shangazi alishusha pumzi. "Mama yako, Mungu amrehemu, alikaa chomboni miaka kumi na mmoja nyuma ya pazia. Hakuwahi kulalamika bahari wala chakula. Alimwomba baba yako kitu kimoja, mlango wa kufunga, apate pa kulia na pa kuvaa bila mabaharia kumsikia. Baba yako akasema mwakani. Kila mwaka ukawa mwakani. Mpaka ukaja mwaka ambao hakuna wa kumfungia mlango. Tangu hapo mtu huyo hasubiri chochote wala hachelewi popote, na hakuna anayemuuliza kwa nini."

Sindano alikuwa na miaka tisa mama yake alipofariki. Alikumbuka pazia la buluu, na jinsi lilivyokuwa likipepea. Machozi yalimtoka bila kelele, na Fundi, mbele ya Shangazi na karani na dunia nzima, akamfuta kwa mkono wake mkubwa.

Treni ya saa kumi na moja ilishuka mlima polepole kuliko treni yoyote iliyowahi kutengenezwa. Sindano alisimama dirishani njia nzima. Kila kona alitafuta milingoti miwili, na kila kona ukuta, mti au ukungu vilimzibia. Fundi alisimama nyuma yake.

"Kama amekwenda," alisema Fundi, "nitakuchongea chombo kingine."

"Usiniahidi vitu vikubwa. Nishike tu."

Akamshika.

Toka stesheni walikimbia, hata Shangazi. Walipita maghala, walipita mizani, walipinda kona ya mwisho, na jua la jioni likawapiga usoni kiasi kwamba Sindano hakuona kitu. Kisha akaiona. Milingoti miwili. Kamba zote bado zimefungwa gatini.

Nahodha hakuwa sitahani. Walimkuta chumba cha kulia, ameketi mezani, amekunja mikono, peke yake.

"Mmebakiza dakika tano," alisema.

Sindano aliinua macho kwenye saa ya shaba. Saa kumi kasoro dakika tano. Akatazama ya mkononi mwake: saa kumi na moja kasoro dakika tano. Miaka yote ya maisha yake saa ile haijawahi kukosea hata dakika moja.

"Baba, hiyo saa..."

Shangazi alimfinya mgongoni.

"Saa yako inakimbia," Nahodha alisema. Aliuvuta mkono wa binti yake juu ya meza, akakishika kile kifundo kidogo cha kurekebishia saa, akaizungusha kurudi nyuma, taratibu, saa nzima. "Haya. Sasa iko sawa."

Sindano alibaki ameushika mkono wa baba yake.

"Na wewe," Nahodha alisema bila kumtazama Fundi, "umebeba nini?"

Fundi alikiweka kitasa mezani, akakifunua. "Cha mlango wa chumba cha mbele, Nahodha, ukiniruhusu nichonge mlango. Uliniambia mlango na kitasa. Nimetafuta nchi kavu, nikaona hatutaweza kuishi huko, si mimi si yeye. Nimekileta hapa."

Nahodha aliuzungusha ufunguo. Ulimi wa shaba ulitoka, tik, ukarudi, tik. Akarudia mara ya pili. Kisha akageuka kutazama chumba chake mwenyewe, na pazia la buluu lililofifia ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulibadilisha, na akalitazama mpaka Fundi akaanza kuhamisha uzito wa mwili mguu kwa mguu.

"Funguo ngapi?" aliuliza.

"Mmoja, Nahodha."

"Chonga wa pili. Mwanangu hatakaa nyuma ya mlango ambao ufunguo wake uko kwenye mfuko wa mtu mwingine."

"Nitachonga leo."

"Leo una injini ya kuwasha. Kesho." Nahodha alisimama, akamsukumia Sindano kitasa kile kwa viganja viwili kama kitu kinachoweza kuvunjika, akaelekea ngazini.

Nyuma yake saa ya shaba ikagonga saa kumi, na Nahodha, ambaye hachelewi popote, akapanda kwenda kufungua kamba.